Ndege tumenunua, wakaguzi wako wapi? Barua ya wazi kwa Wizara ya Uchukuzi, TCAA na TAA

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA). Na Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Miundombinu.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mwananchi wa Kagera. Napanda ndege kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba kila kazi au msiba unaponiita nyumbani, na ndugu zangu wanafanya vivyo hivyo. Ninayoyaandika hapa nimeyasikia pia kwa abiria wengine, kwa madereva wa teksi nje ya viwanja, na kwa watu wanaofanya kazi ndani ya viwanja hivyo ambao hawawezi kuyasema kwa majina yao.

Tarehe 3 Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote ya ndege yenye vyeti vya Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Desemba 2024 lilikuwa limeingia moja tu, Air Tanzania. Miezi sita baadaye tukaingia wote, mpaka kampuni zenye Cessna mbili tatu za kupeleka watalii mbugani, ambazo Ulaya haziijui hata kwa ramani. Mitaani wapo waliosema ni fitina za wazungu. Wapo waliosema ndege zetu haziendi Paris, kwa hiyo shauri lao.

Naomba ninyi msijifiche nyuma ya majibu hayo. Tume haikusema Boeing 787 yetu, ile Dreamliner, ni mbovu. Ilitaja upungufu wa wataalamu wenye sifa, udhaifu wa kusimamia uendeshaji wa ndege na ubora wake wa kuruka, na viwango vya kimataifa kutofuatwa ipasavyo. Lawama yote imeelekezwa kwa msimamizi, na msimamizi ni serikali. Isitoshe, anayeumia si wa Ulaya peke yake. Mtalii wa Ujerumani anayetaka kwenda Serengeti atamuuliza wakala wake ndege ni ya nani, na wakala atauliza kampuni ya bima. Mimi na mama yangu hatuna wa kumuuliza. Tunapanda tu.

Sibezi yaliyofanyika. Mwaka 2016 ATCL, yaani Air Tanzania, ilikuwa imebakiwa na ndege moja. Septemba mwaka huo zikatua Bombardier Q400 mbili, mwaka 2018 ikaja Boeing 787 na Airbus A220 ya kwanza, na mwaka 2023 tukapokea Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Jengo la Tatu la abiria pale Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019, lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Dodoma kinajengwa kiwanja cha Msalato chenye njia ya kurukia ya mita 3,600. Watalii kutoka nje walipita milioni 2 mwaka 2024, na wengi wao humalizia safari kwenye ndege ndogo za humu humu ndani. Zimefungwa pia rada nne za kuongozea ndege za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Sisi tunaolikumbuka sakata la rada tuliyouziwa kwa bei ya kuruka na kampuni ya Uingereza, BAE, tuliipokea habari hiyo kwa furaha ya kweli.

Tatizo ni kwamba vitu vyote hivyo vinaonekana kwenye picha. Ndege ikitua inapokewa kwa kumwagiwa maji, viongozi wanapanda ngazi, ngoma zinalia. Mkaguzi anayekesha karakanani akilinganisha kitabu cha matengenezo na namba ya kipuri kilichofungwa hapigwi picha na mtu. Bajeti ikibana, yeye ndiye wa kwanza kusahaulika.

Na kila aina mpya ya ndege inadai mkaguzi anayeijua. Mhandisi aliyekulia kwenye Dash 8 ya mapangaboi hawezi kuamka asubuhi akasaini kibali cha Dreamliner. Anahitaji mafunzo, mara nyingi nje ya nchi, na mafunzo hayo ni ghali. Mkaguzi wa uendeshaji anatakiwa awe rubani aliyebobea. Rubani wa namna hiyo akiomba kazi kwenye shirika la Ghuba anapewa mshahara, nyumba na ada za shule za watoto. Akija kwenu anapangwa kwenye ngazi ya mishahara ya utumishi wa umma. Mnataka achague nini?

Ombi langu la kwanza ni hilo. Wakaguzi wa TCAA wawe na muundo wao wa mishahara, nje ya ngazi za kawaida, unaoweza kushindana na mashirika wanayoyakagua. Hatuwezi kumweka mtu amsimamie tajiri huku jioni anamwomba tajiri huyo huyo kazi. Fedha zikiwa kikwazo, kuna Entebbe, Uganda. Wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, CASSOA, ulianzishwa 2007 na makao yake yako pale, na kazi mojawapo uliyoundiwa ni nchi wanachama kusaidiana wataalamu. Kenya ilifikia Daraja la Kwanza la mamlaka ya anga ya Marekani, yaani ilikubalika kuwa usimamizi wake unafikia viwango vya kimataifa, mwaka 2017, na mwaka uliofuata Kenya Airways ikaanza safari za moja kwa moja kwenda New York. Kuazima wakaguzi wao kwa miaka miwili wakati wa kwetu wanasomeshwa si aibu.

Sasa naomba nizungumzie Bukoba, na mnivumilie nikirefusha.

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya Precision Air, safari namba PW 494, aina ya ATR 42, iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika kiwanja cha Bukoba huku hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani mlikuwa na watu 43. Walifariki 19, wakiwemo marubani wote wawili. Ziwa lenyewe liko pale pale kiwanja kinapoishia. Waliokuwa ufukweni waliiona ndege, mkia ukiwa juu ya maji.

Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Majaliwa Jackson, kijana ambaye nchi nzima ilimjua siku ile, alieleza jinsi yeye na wenzake walivyopiga makasia mpaka kwenye mlango wa nyuma, wakautwanga kwa kasia ukafunguka, na abiria wakaanza kutoka. Kisha akazunguka mbele kwa marubani. Rubani alikuwa hai, wakawa wanawasiliana kwa ishara kupitia kioo. Wakafunga kamba kwenye mlango wa dharura wa chumba cha marubani na kuivuta kwa boti. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akazinduka yuko hospitali. Marubani hawakutoka.

Kamba ya mvuvi! Kiwanja kinachopokea ndege za abiria kila siku, kimepakana na ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na kifaa cha uokoaji kilichofika kwanza ni kamba ya kuvutia mtumbwi. Taarifa ya awali ya uchunguzi wa serikali yenyewe ilikiri kwamba uokoaji wa haraka ungeweza kuokoa watu zaidi, na ikataja uhaba wa mafuta ya boti na hewa ya oksijeni kwa wazamiaji. Majaliwa alipewa fedha na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Lakini kumwajiri shujaa mmoja si mpango wa uokoaji.

Ninyi mnakijua kuliko mimi Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga. Kinataka gari la zimamoto liweze kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3. Kinasema pia kwamba kiwanja kilicho karibu na maji, ambacho ndege zake nyingi hupita juu ya maji hayo zikitua au kuruka, kiwe na huduma maalumu ya uokoaji inayolingana na hatari hiyo. Kwa Bukoba tafsiri yake ni boti yenye tangi lililojaa mafuta, wazamiaji wa zamu, mitungi iliyojazwa, na mazoezi yanayofanyika alfajiri yenye mvua na mawimbi, maana dhoruba za ziwani hupenda kuja usiku na asubuhi. Mwanza ni vilevile, na Musoma. Zanzibar, Pemba na Mafia ni visiwa, hata maelezo hayahitajiki.

Watu wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Mei 1996 ilizama MV Bukoba na mamia ya watu. Septemba 2018 ilipinduka MV Nyerere, mita chache kutoka kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Uokoaji ulisimamishwa giza lilipoingia, na fundi mmoja wa kivuko akapatikana hai siku mbili baadaye. Miaka minne mbele ikaja ndege. Kila mara waliotangulia ni wavuvi, na kila mara ikafuata ahadi kwamba vifaa vitaletwa. Naomba mtuonyeshe boti ya Bukoba iko wapi leo, nani anashika funguo zake, na zoezi la mwisho lilifanyika tarehe ngapi. Na lile wazo la siku nyingi la kujenga kiwanja kipya Omukajunguti, mbali na ukingo wa ziwa, mtuambie kama bado lipo au lilishawekwa kabatini.

Kuna safari moja nataka muisikie. Tulikuwa tumevuka ziwa, mji wa Bukoba hauonekani kwa wingu, ndege inatikisika. Rubani akazunguka mara ya kwanza, ya pili, kisha akatangaza kwa sauti tulivu kwamba tunarudi Mwanza. Nyuma yangu bwana mmoja mwenye suti alianza kufoka: ana kikao, mbona juzi walitua, huyu rubani ni mtoto. Wengine wakamuunga mkono. Pembeni yangu alikaa mama mtu mzima aliyekuwa anatoka kwenye matibabu Muhimbili, mara yake ya kwanza kurudi kwa ndege. Akaninong'oneza, "Mwanangu, huu mkanda unafunguliwaje?" Maelezo ya usalama yalishatolewa, kwa Kiingereza cha haraka, halafu kwa Kiswahili cha haraka zaidi. Nikamwonyesha. Akauliza tena: na hilo jaketi lililosemwa liko wapi? Nikapapasa chini ya kiti chake mpaka mkono ukaligusa, nikamwambia lipo. Tulipotua Mwanza yule bwana alimpita rubani mlangoni bila kumsalimu.

Yule rubani alifanya kazi yake vizuri kuliko wote niliowahi kusafiri nao, na alilipwa matusi. Nawasihi mashirika na TCAA mseme hadharani, kwa matangazo ya redio na kwenye vyumba vya kusubiria, kwamba rubani akigeuza ndege hakuna wa kumuuliza, awe abiria, meneja wa shirika au mkubwa wa serikali mwenye ratiba ya ziara. Na kila rubani ajue kwamba mafuta aliyoyachoma kurudi Mwanza hayatatajwa kwenye tathmini yake. Kuhusu maelezo ya usalama, lipo jambo dogo mnaloweza kuliagiza wiki hii bila senti: kwenye safari zote za ndani Kiswahili kitangulie, kisomwe polepole, na mhudumu amwendee mzee na mgeni wa ndege mmoja mmoja kabla ya kuruka.

Ndege ndogo za mbugani nazo zisisahaulike kwa sababu hazibebi wengi. Novemba 2017 Cessna Caravan iligonga mlima karibu na kreta ya Empakaai, Ngorongoro, wakafa watu 11. Septemba 2019 nyingine ilianguka Seronera ikiruka, wakafa wawili. Novemba 2023, ndege mbili zilipata ajali siku moja katika kiwanja kimoja, Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Viwanja hivi vya changarawe vina wanyama, vina vumbi, wakati wa masika vina matope, na rubani mara nyingi yuko peke yake akiruka vituo vitano sita kwa siku moja katika msimu wa watalii. Nani anahesabu saa zake za kupumzika? Nani anapima mizigo ya wageni wanaokuja na mabegi ya kamera yenye uzito wa mtoto? Mkaguzi anayetoa taarifa wiki moja kabla ya kufika atakuta kila kitu kimepangwa. Naomba ukaguzi wa kushtukiza uwe wa kawaida kule, hasa Julai hadi Septemba.

Sasa nije kwenye muundo wenu wenyewe, na hapa naomba radhi kwa kusema wazi. TCAA ndiyo inayoongoza ndege angani, na TCAA hiyo hiyo ndiyo inayokagua kama ndege zinaongozwa vizuri. Afrika Kusini na Nigeria walishatenganisha kazi hizo mbili katika vyombo viwili. Uchunguzi wa ajali nao: tawi lililochunguza ajali ya Bukoba lilikuwa ndani ya wizara, wizara ile ile yenye TCAA, TAA na shirika la ndege la taifa chini yake. Wachunguzi wanaweza kuwa waadilifu kabisa, na sina sababu ya kuwashuku, lakini si haki kumwomba mtu aandike kwamba bosi wake alichelewesha fedha za boti. Wapeni wachunguzi chombo chao kwa sheria, chenye bajeti inayopitishwa na Bunge moja kwa moja, na ripoti zao zichapishwe kwa Kiswahili siku zinapokamilika, zikiambatana na jedwali la kila pendekezo na nani amelitekeleza. Kamati ya Bunge ilisome jedwali hilo kila kikao cha bajeti.

Bila hivyo hata wenye kuona hatari hawatasema. Fundi aliyekuta nyufa, mwongoza ndege aliyekaribia kugonganisha ndege mbili kwa uchovu, mhudumu aliyeona mlango haufungi sawasawa: hawa wanahitaji mahali pa kuripoti wakijua hawatafukuzwa kazi wala kuitwa polisi. Kiambatisho cha 19 cha Mkataba ule ule wa Chicago kinaagiza taarifa hizo zilindwe. Niliozungumza nao wanaogopa. Mmoja aliniambia amejifunza kunyamaza ili mwisho wa mwezi umkute kazini.

Kutoka kwenye orodha kunawezekana. Zambia ilifungiwa 2009 ikatoka 2016. Msumbiji ilifungiwa 2011 ikatoka 2017. Hao ni majirani zetu, na hakuna anayeweza kusema walikuwa na fedha kutuzidi. Mfano ninaoupenda zaidi ni Indonesia kwa sababu soko lake lilikuwa linakua kwa pupa kama letu. Siku ya mwaka mpya wa 2007 ndege ya Adam Air ilitumbukia baharini na watu 102; Machi ndege ya Garuda ikawaka moto Yogyakarta, wakafa 21. Julai mashirika yao yote yakafungiwa Ulaya. Badala ya kuishia kulalamika wakatunga sheria mpya ya anga mwaka 2009, na mwaka huo Garuda na wenzake wachache wakafunguliwa. Wengine walisubiri mpaka Juni 2018. Miaka 11! Na miezi minne tu baadaye Boeing 737 MAX ya Lion Air ikaanguka na watu 189. Wachunguzi walikuta kasoro ya mfumo wa ndege yenyewe, na wakakuta pia makosa ya matengenezo na usimamizi. Sisi nasi tuna MAX hangani. Kwa hiyo msifanye kazi ya kuwaridhisha wakaguzi wa Brussels kisha mkapumzika siku jina letu litakapofutwa.

Ninaloomba kwa pamoja ni ratiba. Wekeni hadharani mpango wa kurekebisha kasoro zilizotajwa mwaka 2025: kasoro ipi, afisa gani anawajibika, fedha kiasi gani, inakamilika mwezi gani. Semeni TCAA ina wakaguzi wangapi leo kwa kila aina ya ndege tuliyonayo, na inahitaji wangapi kabla haijanunuliwa nyingine. Ikibidi kuchelewesha ndege moja mpya ili fedha zake zisomeshe wakaguzi na kununua boti za uokoaji za Bukoba, Mwanza na Musoma, icheleweshwe. Sisi abiria wa Kanda ya Ziwa tutawaunga mkono, na nitakuwa wa kwanza kuyasema hayo mbele ya mbunge wangu.

Bajeti ya Wizara inaposomwa Dodoma, tutakuwa tunasikiliza mistari hiyo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Abiria wa Dar es Salaam–Mwanza–Bukoba
Kagera